Nani Ataingia Naye?

Wakubwa waliupa ugonjwa ule jina refu lenye herufi na namba. Sisi mtaani tuliuita Mgeni. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji wakaisha. Hakupiga hodi. Alipitia kwenye mkono uliompa mtu salamu, kwenye shuka, kwenye jasho la mtoto uliyembeba. Ndiyo maana amri ya kwanza tuliyopewa sisi wahudumu wa lishe ilikuwa usiguse. Usiguse mtu, usiguse kitasa, usiguse mtoto hata akikunyoshea mikono.

Haya, niambie wewe, mtoto mwenye njaa anapimwaje bila kuguswa?

Maana Mgeni hakuja peke yake. Soko lilifungwa, barabara zikawekewa vizuizi, vibarua wakarudishwa majumbani, na njaa ikaingia nyumba kwa nyumba kwa mlango wa uani. Kazi yetu ilikuwa kuwatafuta watoto iliowafika mfupani kabla hawajazimika. Kifaa chetu kilikuwa utepe mwembamba wa plastiki wenye kijani, njano na nyekundu. Unauzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, unauvuta hadi ulale juu ya ngozi, kisha unasoma rangi kwenye kidirisha chake. Kijani, mtoto yuko salama. Njano, apewe unga wa lishe. Nyekundu, mtoto yuko ukingoni.

Zamani tulipima sisi wenyewe. Alipofika Mgeni tukawaachia wazazi. Mimi nasimama barabarani, naweka utepe juu ya kigoda, narudi nyuma. Mzazi anatoka, anauchukua, anapima, ananyanyua mkono wa mtoto nione rangi kwa mbali. Kisha utepe unatumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya dawa, na sisi tunakwenda nyumba inayofuata.

Niliogopa. Watu wakisimulia siku zile husema walikuwa wajasiri, na mimi huwaangalia tu. Niliogopa nikivaa viatu asubuhi na niliogopa nikivua jioni. Mama mkwe alinitengea kikombe, sahani na kijiko, akakifunga uzi mwekundu kisije kikachanganyika na vya watu. Mume wangu alinihamishia sebuleni kwa maneno matamu, akasema huko kuna hewa. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa siuamini mkono wangu, naulalia usiku ili nisijikune uso.

Na kulikuwa na hofu ya mawe. Watu walianza kusema sisi ndio tunaomleta Mgeni, kwa sababu kila tulipopita, gari jeupe la kuchukua wagonjwa lilifuata. Mwenzetu mmoja wa mtaa wa juu alipasuliwa kichwa akiwa ameshika unga wa kuwagawia hao hao waliompasua. Kwa hiyo nilitembea na Bwana Kipaza. Huyu alikuwa mtangazaji wa mechi za mtaani, mtu mzima mwenye tumbo na sauti. Alibeba ndoo na kipaza sauti, na alitangulia kututambulisha ili tusije tukaonekana tunanyemelea. Woga wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu, na hilo lilinisaidia sana. Ukitembea na mwoga zaidi yako unajikuta shujaa bila gharama.

Siku ninayoisimulia tulifika kwa Fundi alasiri. Fundi alikuwa mshonaji. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, moja imefunikwa, sare za shule zilizokosa shule, na suti nyeusi ya bwana harusi ambaye hakurudi kuichukua. Vipande vya chaki, pasi ya mkaa, mikasi mikubwa. Kila kitu mahali pake, na hakuna kazi hata ya kushona mfuko uliotoboka.

Gari jeupe lilikuwa limeshapita pale. Lilimchukua bintiye, mama wa mjukuu wake, likampeleka Kambini walikolazwa wagonjwa, na Fundi akaja kuambiwa kwamba amezikwa. Hakuonyeshwa hata kaburi. Walikaa ndani, yeye na mtoto, hadi muda wa karantini ukaisha bila homa. Sasa alibaki na huyo mjukuu, kasichana ka miaka miwili na kitu. Mtaa mzima ulimwita Pini, kwa kuwa alikuwa mdogo na akichoma unasikia. Fundi mwenyewe, kama babu yeyote, alimwita mke wangu.

"Mke wangu leo kanuna," alisema akitoka naye begani. "Kasikia mnakuja, akagoma kuchana nywele."

Aliuchukua utepe kigodani, akauzungusha kwenye kamkono kale kwa wepesi wa mtu aliyepima watu maisha yake yote, akaunyanyua.

"Kijani!" akasema kabla sijaona.

Nikaona. Kilikuwa kijani kweli. Bwana Kipaza akapiga mluzi wa goli kwenye kipaza chake, kama alivyofanya kwa kila kijani, na watoto wa nyumba za jirani wakacheka madirishani. Pini hakucheka. Hakugeuza hata shingo kutazama ile kelele imetoka wapi. Alilaza shavu kwenye bega la babu yake na macho yake yakabaki kwenye ukuta. Niliona, lakini rangi ilikuwa kijani, jua lilikuwa linashuka, na king'ora cha kuwarudisha watu ndani kilikuwa karibu. Nilishukuru, nikaondoka.

Tulikuwa tumefika kona ya bomba la maji Bwana Kipaza alipopandisha suruali yake kwa mkono usio na ndoo. Ilikuwa inamshuka tangu asubuhi.

"Kazi ya Fundi hii," akasema. "Nilimwambia anibane kiunoni, akakataa. Yule mzee hajawahi kumbana mtu. Akikupima anaweka kidole chini ya futi, anasema nguo lazima iache nafasi ya kupumua na nafasi ya kushiba. Sasa kushiba kwenyewe kuko wapi? Mimi ndiye ninayeishikilia."

Nikasimama.

"Anaweka kidole wapi?"

"Chini ya futi. Hivi." Akanionyesha kwenye tumbo lake.

Kidole cha mtu mzima chini ya utepe, kwenye mkono mnene wa mtu mzima, ni starehe. Kwenye mkono wa mtoto kinaunenepesha, utepe ukasoma kijani pale ambapo pengine ni rangi hata hutaki kuifikiria. Na mimi nilisimama ng'ambo ya barabara, nikasoma rangi, nisisome vidole.

"Turudi," nikasema.

"Turudi wapi? Jua hilo linazama. Na wametuona tukipita, wakituona tena watasema nini?"

"Wewe baki hapa na suruali yako."

Hakubaki. Kubaki peke yake kulimtisha zaidi.

Fundi alikuwa amekaa kizingitini, mtoto mapajani. Alipotuona uso wake ulibadilika.

"Umesahau nini, binti yangu?"

"Nimesahau macho yangu, Fundi. Nipimie tena."

"Si umeona kijani?"

"Nimeona. Sasa nataka kuona vidole vyako vyote."

Akacheka kidogo. "Unanikagua vidole? Mimi ni mwizi wa kuku?" Lakini aliuchukua utepe. Akauzungusha. Na pale pale, bila yeye kukituma, kidole cha shahada kikajipenyeza chini ya plastiki, kikatulia kati ya utepe na mkono wa mtoto.

"Toa kidole."

"Kidole gani?"

"Hicho."

Akakitazama. Haki ya Mungu, alikitazama kama vile kimeota muda ule ule. "Ah," akasema. "Hivi ndivyo mkono wangu unavyopima."

"Najua, Fundi. Kitoe."

Akakitoa. Utepe ukalegea, akaanza kuuvuta. Alivuta polepole, mtu anavyovuta uzi asiotaka ukatike. Kijani kikapita. Njano ikaingia kwenye kidirisha, nikasema moyoni isimame, isimame hapo hapo. Haikusimama. Njano ikapita, na utepe ukaendelea kuingia, na ulipokuja kulala juu ya ngozi kidirisha chote kilikuwa chekundu.

"Utepe wako mbovu," akasema.

"Ni ule ule, Fundi."

"Sikukudanganya, binti yangu."

"Najua."

Nilimwamini, na bado namwamini. Ila hadi leo sijui kama kidole kile kilikuwa mazoea ya kazi au hofu iliyojificha ndani ya mazoea. Nadhani hata mwenyewe hajui.

Nyekundu ilikuwa na njia mbili. Mtoto hupewa chakula cha tiba, ile siagi tamu ya karanga inayokuja kwenye pakiti. Akiila mwenyewe, kwa hamu yake, anatibiwa nyumbani kwa pakiti za kila wiki. Akiikataa, mwili umekwenda mbali, na lazima apelekwe Kambini akapewe maziwa maalumu kidogo kidogo huku mtu anamwangalia. Kambi ilikuwa na pande mbili zilizotenganishwa, upande wa Mgeni na upande wa watoto wa njaa. Lakini lango lilikuwa moja, na mtaa haukujali pande. Mtaa ulitazama lango.

Nilimweleza Fundi. Aliiruka njia ya pili, akashika ya kwanza kwa mikono yote miwili.

"Atakula! Mke wangu huyu? Anapenda tamu kuliko kunipenda mimi."

Alinawa, akakata pakiti kwa mikasi, akaweka siagi kidogo kwenye ncha ya kijiko. Pini akageuza uso. Fundi akalamba yeye, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa utamu. "Mmh! Usipokula naleta mke mwenza aje akumalizie pakiti, wewe utabaki kutoa macho." Pini akamtazama. Yalikuwa macho mazee. Alimtazama babu yake kwa upole, kama mtu anayesikiliza hadithi anayoijua, kisha akayafumba.

"Mpe muda," nikasema.

Lakini muda haukuwa wetu tena. Watu walianza kutoka. Mbele yao alikuwa Mama Mkaa, muuza mkaa wa jirani, mwanamke mrefu mwenye mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Nilimfahamu. Nilishampimia wajukuu zake, wote njano, na akanibusu hewani kwa mbali nilipompa unga. Sasa alikuwa na jiwe.

"Wamerudi mara ya pili," akawaambia wenzake. "Mmeona? Mara ya kwanza kijani, mara ya pili nyekundu. Hiyo rangi wanaibadilisha wao."

"Mnamlisha nini mtoto wa watu?" mwingine akauliza.

"Karanga," nikasema.

"Karanga! Hata mama yake walisema anakwenda kutundikiwa maji ya chumvi tu."

Fundi aliwasikia. Akaingiwa na haraka. Akambana Pini kwenye kiwiko, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akapaka ile siagi ulimini, akamfunga taya kwa kiganja. "Fundi, usimlazimishe!" nikapiga kelele, na miguu yangu ikasogea hatua mbele kabla sijakumbuka amri. Akatoa kiganja.

"Amekula," akasema, akiugeukia mtaa. "Mmeona wote. Amekula."

Siagi ilikuwa inatoka kwenye pembe ya mdomo wa Pini, inashuka kidevuni taratibu. Hakuwa na nguvu za kuitema.

"Amekula, binti yangu," Fundi akaniambia mimi, na sauti yake sasa ilikuwa ya kuomba. "Sema amekula. Niachie pakiti zangu, uende nyumbani."

Nyuma yangu Bwana Kipaza alikuwa anahema kama mbwa. "Sema amekula," akaninong'oneza. "Mama, nakuomba. Kuramba nako ni kula."

Nitasema ukweli. Neno lilikuwa tayari kinywani. Ni neno fupi, na lingempendeza kila mtu aliyekuwepo. Mtaa ungefungua njia, Fundi angenibariki, ningefika nyumbani kabla ya king'ora, ningekunywa chai kwenye kikombe changu cha peke yangu. Na Pini angekuwa amekufa ndani ya siku chache, kimyakimya, kwenye nyumba ambayo mimi nimesema ni salama.

"Hajala," nikasema.

Jiwe halikunipata. Liliipata ndoo. Ikapinduka, maji ya dawa yakatiririka kwenye ngazi hadi kwenye viatu vya Fundi. Bwana Kipaza akajitupa nyuma ya pipa.

Mimi nikiogopa kupita kiasi huwa nakasirika. Ni ugonjwa wa ukoo wetu. "Rusha jingine, Mama Mkaa!" nikapiga kelele. "Rusha, una mkono mzuri! Ila ukimaliza uje hapa umlishe wewe. Kijiko hicho hapo. Akimeza kwa mkono wako mimi naondoka, na sitakanyaga mtaa huu tena!"

Hakusogea. Hakuna aliyesogea. Fundi ndiye aliyeongea, si kwa sauti kubwa.

"Mama yake alikwenda kwenye gari kwa miguu yake. Alijikwaa hapo, hapo kwenye kigoda. Nikataka kumshika, wakanizuia. Akajiinua mwenyewe." Akamfuta Pini kidevu kwa pindo la shati. "Hakuna aliyemshika. Mtoto wangu alikwenda kufa kama mtu asiye na ndugu." Kisha akaniuliza, "Upande wa watoto, mwanamume haruhusiwi kuingia?"

"Haruhusiwi. Hema ni la kina mama."

"Na mama anayeingia hatoki?"

"Hatoki hadi mtoto atakaporuhusiwa."

Akasimama na mtoto. Akawageukia watu wote, walioshika mawe na wasioshika.

"Basi, jamani. Majirani zangu. Nani ataingia naye?"

Nilisikia mlango ukifungwa mahali. Mwanamke mmoja akasema ana mtoto mchanga ananyonya. Mwingine akasema mama yake ni mgonjwa, na ni kweli alikuwa mgonjwa. Mama Mkaa alilitazama jiwe la pili mkononi mwake, akalitupa mtaroni, akajifuta viganja kwenye khanga vikabaki vyeusi vile vile. "Nina wajukuu watatu, Fundi," akasema. "Unawajua." Alikuwa analia. Sikumchukia tena. Kila mmoja alikuwa na hofu yake, na hofu zao zilikuwa na sababu kama yangu.

Fundi alisubiri. Kisha nikasikia sauti ikisema "Mimi," na nilichukua muda kutambua ni yangu.

"Wewe?" Bwana Kipaza akainuka nyuma ya pipa. "Umerukwa na akili? Wewe ni wa kupima tu!"

"Nenda kamwambie mume wangu sebule imebaki wazi. Mwambie ile hewa aifaidi yeye." Nilitaka kucheka, sauti ikakatika katikati. "Mwambie pia nimesema asijali."

Hatukuwa na glavu. Wahudumu wa lishe hawakupewa; aliyeambiwa asiguse, glavu za nini? Fundi aliingia ndani, akachukua kipande cha kitambaa cha pamba, kipya, cha kushonea gauni la mtu, akamviringisha Pini ndani yake. Akaja hadi mbele yangu. Ilikuwa miezi mingi mtu hajanikaribia kiasi kile, nikasikia pumzi yake. Akaniwekea mtoto mikononi.

Sijawahi kubeba kitu chepesi namna ile. Nilikuwa nimejikaza kwa uzito, na uzito haukuja. Nilihisi mbavu kupitia kitambaa, na mkono mmoja ukatoka ukaniangukia shingoni, pale pale kwenye ngozi, na kila kitu nilichofundishwa kikapiga kelele kichwani mwangu. Nikaufunika kwa mkono wangu, tukaenda.

Watu walitupisha. Walirudi nyuma kwa pande zote mbili hadi migongo ikagusa kuta. King'ora kililia tukiwa njiani na hakuna askari aliyetusimamisha. Fundi alitembea nyuma yangu, akizungumza na mjukuu wake njia nzima, anamtania kwamba ametoroka ndoa, kwamba mahari atairudisha nani. Hakujibiwa.

Kwenye lango alizuiliwa. Akashika waya wa uzio.

"Binti yangu," akasema. "Usiniletee habari nzuri ya uongo. Hata ndogo."

Ndani walininyunyizia dawa kuanzia kichwani. Muuguzi aliyetupokea, tuliyemwita Sista, alikuwa amefunikwa kote isipokuwa macho. "Umembeba bila kinga?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi karibu," akasema, wala hakuwa anatania. Alimpima Pini joto, hakuwa na homa, nikakaa chini. Mgeni hakuwa ndani ya mtoto. Ilikuwa njaa tu. Angalia tulipofika, mtu anasema njaa tu.

Pini alikataa maziwa ya kikombe, kwa hiyo Sista akampitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni. Mtoto yeyote angepigana. Pini alilala akiutazama mkono wa Sista ukifanya kazi. Nilimuuliza Sista kama atapona. Alihesabu matone, akaandika, akasema nimuulize wakati mwingine.

Nilikaa naye kwenye kitanda kimoja. Ng'ambo ya turubai kulikuwa upande wa Mgeni, na niliwasikia wakikohoa, wakiita majina ya watu wao. Kila walipoita, nilijishika shingo pale mkono wa Pini ulipogusa, kuona kama pana moto. Niliogopa nisinzie nikaamka nimebeba mtoto baridi. Niliweka sikio kwenye kifua chake mara nyingi hivi kwamba Sista aliniambia nimwache apumue.

Asubuhi nilikwenda kwenye uzio. Fundi alikuwa pale pale, amekalia tofali.

"Bado," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Siku iliyofuata nikamwambia tena bado, akaitikia tena. Hakuniuliza bado nini. Mama Mkaa alikuwa akimletea chakula na kukiweka chini mbali naye, na nilipotokea mimi aliinamisha macho.

Asubuhi nyingine tena, Sista alichukua kitambaa chenye maji baridi akaanza kumfuta Pini uso, kuzunguka ule mpira. Alimfuta paji, akamfuta mashavu yaliyokaukiwa na siagi na maziwa. Pini akakunja sura. Mkono mdogo ukatoka kwenye kitambaa cha pamba, ukasukuma mkono wa Sista. Sista akamfuta tena. Na hapo mtoto yule alifungua mdomo akapiga ukelele uliotikisa hema.

"Sitaki! Sitakiii! Babuuu!"

Nje nikasikia waya unatikiswa. Nilikimbia. Fundi alikuwa ameukwea uzio hadi nusu, mzee wa umri ule, viganja vinatoka damu. "Mnamfanya nini? Mnamuua! Nimewapa mtoto mnamuua!" Nyuma yake watu walikuwa wanakuja mbio, Mama Mkaa mbele, wengine wanaokota mawe njiani, na mlinzi alikuwa ameinua rungu. Nilifika nikaushika waya upande wangu, na sikuweza kusema. Nilikuwa nalia, na kicheko kilikuwa kinanipanda, na kila nilipofungua mdomo kilitoka kimoja badala ya kingine.

"Kanawishwa uso!" nikaweza kusema mwishoni. "Fundi! Anafutwa uso tu, hataki!"

"Analia!"

"Analia, ndiyo! Tangu aingie hajalia, alikuwa hana nguvu za kulia. Sasa anazo. Sikiliza, anampiga Sista!"

Akatulia juu ya waya. Watu nao wakasimama. Sote tukasikiliza, na kutoka kwenye hema Pini alikuwa anakataa kwa sauti yake yote, anakataa maji, anakataa kitambaa, anamwita babu yake aje amchape huyu mtu. Fundi alishuka taratibu. Alikaa chini kwenye vumbi, akaegemeza kichwa kwenye uzio, machozi yanamchuruzika kwenye ndevu.

"Mama yake sikumsikia hata mara moja," akasema.

Kilio kikaanza kupungua. Kikawa kwikwi, kikawa mnung'uniko, kisha kikanyamaza, na nikajua Sista amemaliza. Fundi akainua kichwa haraka. Hofu ilikuwa imemrudia usoni yote.

"Mwambie amnawishe tena," akasema.